Nyumba ya familia ufukweni Dar es Salaam: maswali ninayoulizwa kila mara

Naishi Ununio, kaskazini mwa jiji, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Likizo ya Desemba ikikaribia tu, simu zinaanza: binamu aliyeko Muscat, jirani wetu wa zamani wa Tabata, mtoto wa shangazi anayelea wanawe Minneapolis. Wote wanatafuta kitu kimoja, nyumba ambayo watoto wataamka waione bahari. Nimechoka kurudia majibu yale yale kwa sauti za WhatsApp, sasa nayaandika. Ninachokijua vizuri ni mwambao wa Dar, kuanzia Mbweni mpaka Kimbiji. Zanzibar na Ziwa Victoria nimezigusa kidogo huko chini.

Nije kuangalia kiwanja siku gani, saa ngapi?

Swali hili lingetakiwa kuwa la kwanza, lakini kwa wengi huja wakati hela zimeshatoka. Dalali akikwambia "njoo Jumamosi saa 4 asubuhi, bosi", muulize kwanza mwezi una siku ngapi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya Dar hupwa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na hujaa kwenye saa 10 jioni na saa 10 alfajiri. Tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Kwa hiyo saa 4 utaonyeshwa uwanja wa mpira: mchanga mtupu mpaka kule mbali, kina mama wanatafuta pweza, ngalawa zimelala ubavu. Utapiga picha, utamtumia mke wako, atalia kwa furaha.

Rudi saa 10 jioni ya siku hiyo hiyo. Kunduchi kuna kiwanja nilikwenda na shemeji yangu. Asubuhi tulihesabu hatua themanini kutoka ukutani hadi majini, jioni mawimbi yalikuwa yanapiga msingi wa ukuta na maji yanarukia upande wa ndani. Dalali yule yule alikuwepo, safari hii hakuwa na maneno mengi.

Siku za maji mafu, zile za katikati ya bamvua moja na jingine, hazikufundishi kitu, bahari inakuwa imetulia kama ziwa. Ukiweza, njoo bamvua la Machi, ambalo huwa kubwa na mara nyingine hukutana na mvua za mwanzo za masika. Na hata ukija siku ya kawaida, tafuta ule mstari wa takataka: mwani mkavu, vifuu, vipande vya nyavu, chupa za plastiki. Hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho yalipopanda sana. Ukiukuta ndani ya kiwanja, umeshapata jibu. Kisha muulize mvuvi, usimuulize anayeuza.

Hii sheria ya mita 60 ni ya kweli au ni vitisho?

Ni ya kweli. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au ukingo wa mto. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita hizo 60 miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi.

Najua utakachosema: mbona kuna majumba yamekaa juu ya mchanga kabisa? Mengine yalijengwa kabla ya sheria hiyo, mengine yana vibali, na mengine yanangoja tu siku ya kupigwa alama ya X nyekundu, ya kubomolewa. Kutoka barabarani huwezi kujua lipi ni lipi. Chukua mpima wako mwenyewe aliyesajiliwa, si yule aliyeletwa na muuzaji, akupimie toka ufukweni hadi kwenye bikoni, yaani alama za mpaka wa kiwanja. Kiwanja cha mita 70 kwenda ndani ambacho 60 zake haziruhusiwi kujengwa ni kiwanja cha mita 10, hata kama umeuziwa chote.

Mikoko nayo usiiguse. Misitu ya mikoko ni hifadhi, na mtu anayekuahidi kwamba "tutasafisha hii miti upate mandhari" anakuingiza kwenye kesi.

Mstari wa kwanza, unaogusa ufukwe, au wa pili, nyuma yake?

Wa pili. Kwa familia, nasema bila kusita, na wengi hawapendi jibu hili.

Mstari wa kwanza unalipia mandhari mara kadhaa: kwenye bei, kwenye ukuta wa kuzuia mawimbi, kwenye kutu, halafu kila sikukuu ya Idd na Pasaka ukiwa na umati wa watu na spika nje ya geti lako, kwa sababu ufukwe ni wa watu wote na wana haki ya kupita. Mstari wa pili, ghorofa moja tu, unaiona bahari juu ya mapaa ya wenzako na upepo unaupata vile vile. Cha kuhakikisha ni njia. Uliza kama kuna kichochoro cha umma cha kwenda ufukweni, kiwe kwenye ramani ya mipango miji, kisiwe cha hisani ya jirani. Mtaa wetu una kichochoro cha upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Miaka mitatu iliyopita mwenye nyumba mmoja alikiziba kwa mabati. Ramani ndiyo iliyotuokoa. Mabati yaling'olewa baada ya wiki mbili za vikao kwa mwenyekiti wa mtaa.

Tazama pia kama upo karibu na diko, mahali wavuvi wanaposhushia samaki. Wavuvi ni majirani wazuri, samaki utawapata wabichi, lakini mnada huanza mapema na mashine za boti hazijui Jumapili.

Ni kweli bahari inakula ardhi Kunduchi na Mbezi Beach?

Kituo cha daladala cha Africana unakijua. Jina hilo ni la hoteli iliyokuwa ufukweni, ikaliwa na bahari hadi ikaachwa. Wanaoshuka pale leo wengi hawajui kwamba kulikuwa na hoteli.

Kinachotokea ni hivi. Mchanga wa ufukweni haukai mahali pamoja, mawimbi ya kusi na kaskazi huusogeza kandokando ya pwani, na mito midogo kama Mbezi na Tegeta huleta mchanga mpya. Mchanga wa mitoni ukichimbwa kwa ajili ya matofali, bahari haipati wa kurudishia, inachukua wa kwako. Halafu mwenye hoteli anajenga kuta za mawe zinazoingia baharini ili mchanga ukwame mbele yake. Kwake panajaa, kwa jirani wa upande wa pili panachimbika. Kwa hiyo ukiona kuta za namna hiyo, simama juu yake uangalie pande zote mbili: upande mmoja mchanga uko juu, mwingine uko chini kama ngazi. Usinunue upande wa chini.

Dalili nyingine ni minazi. Mnazi ulioinama kuelekea baharini mizizi ikiwa nje unakueleza mengi kuliko ripoti.

Kaskazini au Kigamboni?

Hapa ndipo ndugu hugombana. Msasani, Masaki na Oysterbay naziacha, mwenye uwezo wa huko hanipigii simu mimi.

Kaskazini, yaani Mbezi Beach, Kunduchi, Bahari Beach, Ununio na Mbweni, kuna shule, maduka na hospitali ndani ya umbali wa bajaji, na umeme na maji vilishafika zamani. Tatizo ni barabara ya Bagamoyo. Mtoto anayesoma mjini ataamshwa saa 10 na nusu alfajiri, na utamrudisha amelala kwenye basi. Kama shule iko upande huu huu, maisha ni mazuri. Jihadhari na mabonde: kuna mitaa ya Ununio na Basihaya ambako masika hujaza maji yasiyotoka baharini kabisa, yanatoka juu, na bahari ikiwa imejaa hayana pa kwenda. Pita huko mwezi wa Aprili ukiwa na mabuti.

Kigamboni ufukwe wake ni mzuri kuliko wetu, nakubali. Mchanga mweupe, watu wachache, viwanja vikubwa. Kabla ya 2016 mtu wa Kigamboni alikuwa mtumwa wa pantoni la Magogoni. Mwaka huo lilifunguliwa Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, linalotoka Kurasini, na mambo yakabadilika, ingawa daraja lina tozo na ukizidisha mara mbili kwa siku kwa magari mawili utaihisi. Kadiri unavyoteremka kusini, kupita Mjimwema na Gezaulole kuelekea Kimbiji, bei inashuka na umbali wa daktari unapanda. Jaribu hivi: saa 2 usiku, jifanye mtoto amebanwa na pumu, endesha gari kutoka kiwanjani mpaka hospitali ya Vijibweni, kisha mpaka Muhimbili. Andika dakika. Mimi nilimfanyia binamu yangu jaribio hilo naye akiwa kwenye simu, akanyamaza kabisa.

Kigamboni ina historia nyingine ya kujua. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa mji mpya, ujenzi ukasimamishwa, na watu wakakaa miaka na viwanja wasivyoweza kuvijenga wala kuviuza vizuri. Usinunue huko bila kwenda manispaa kuona eneo lako limepangiwa nini: makazi, hoteli au barabara.

"Geza ulole", kwa Kizaramo, ni jaribu uone. Wenyeji wenyewe walishakwambia.

Muuzaji ana hati. Yatosha?

Haitoshi. Hati inaonyesha aliyeandikwa siku ilipotolewa. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone kama kuna rehani ya benki, zuio la mahakama, au jina lingine kabisa. Soma pia muda: hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na kiwanja cha "bei ya kutupa" mara nyingine kimebakiza miaka michache. Angalia matumizi yaliyoandikwa humo, maana viwanja vingi vya ufukweni vimepangwa kuwa vya hoteli, si vya makazi.

Kisha mambo ya watu. Kama muuzaji ana ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda mwenzi wake kwenye nyumba ya familia, kwa hiyo idhini ya maandishi ya mke au mume si adabu tu. Kama ni mali ya urithi, na mwambao huu mashamba mengi ya minazi ni ya urithi, muuzaji akuonyeshe barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na warithi wote wasaini. Wote. Dada aliyeolewa Kilwa ambaye "hana shida" ndiye atakayekuja na wakili.

Tembea kiwanja chote kwa miguu. Ukiona mawe yamepangwa mstari chini ya mbuyu au mfenesi, uliza ni makaburi ya nani. Ongea na majirani wa pande zote nne bila muuzaji kuwepo, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na malipo yapitie benki, mbele ya wakili uliyemtafuta wewe. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji; hakikisha kwenye mkataba imeandikwa hivyo, kwa sababu bila uthibitisho wa TRA, mamlaka ya mapato, uhamisho hausogei, na muuzaji aliyekwisha kula hela hana haraka. Wewe utalipa ushuru wa stempu.

Kiwanja kisichopimwa chenye karatasi ya mtaa pekee? Kwa shamba la mihogo, sawa. Kwa ufukweni, ambako kila mtu anapataka, hapana.

Mimi nina pasipoti ya nje. Naweza kununua kwa jina langu?

Asiye raia hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa utaratibu wa serikali. Uraia pacha hatuna. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria kuhusu hadhi maalumu ya diaspora yanayogusa pia ardhi, kwa hiyo wakili wako akueleze utaratibu ulivyo siku unayonunua.

Njia ya kuandikisha kwa jina la kaka au rafiki naijua, na najua ndugu wasiosalimiana kwa ajili yake. Kaka akifa kesho, kiwanja ni cha watoto wake.

Maji ya kisima yanakuwaje karibu na bahari?

Yanakuwa na chumvi, suala ni kiasi gani. Kisima kikivutwa sana, maji ya bahari hupenya chini kwa chini kuchukua nafasi ya maji baridi. Kiwanja kilichokuwa na kisima kitamu nyumba zikiwa tano hakitabaki hivyo zikifika hamsini.

Onja mwezi wa Februari, kiangazi cha kaskazi kikiwa kimekomaa, si baada ya masika. Beba kipande cha sabuni ya mche: ikikataa kutoa povu, hayo ndiyo maji utakayoogea. Halafu peleka chupa maabara. Kama bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, limefika mtaani, uliza wanaolitumia linatoa siku ngapi kwa wiki, na hesabu gharama ya maboza, magari ya kuleta maji, kwenye bajeti.

Choo nacho ni hapo hapo. Kwenye mchanga, shimo la maji taka likichimbwa linajaa maji ya chini kabla fundi hajapanda juu. Kwenye mwamba wa matumbawe unachimba siku kumi kwa nyundo. Vyote viwili ni hela, na jirani yako mwenye shimo karibu na kisima chako ni tatizo kuliko vyote.

Chumvi inaharibu nyumba kiasi gani?

Geti letu la kwanza lilikuwa la chuma, zuri, maua juu. Mwaka wa tatu bawaba ilibaki mkononi mwa mlinzi. Nondo za dirisha upande wa bahari zilianza kuchuruzika machozi ya kahawia kwenye plasta. Kiyoyozi cha nje kilidumu miaka minne. Cha upande wa barabara bado kipo.

Kwa nyumba iliyokwisha jengwa, gonga plasta kwa kifundo cha kidole, hasa nguzo za baraza: ikilia tupu, au ukiona ufa mrefu ulionyooka kufuata nondo, chuma ndani kimevimba. Ukuta unaotoa unga mweupe chini mara nyingi ulijengwa kwa mchanga wa bahari, na ugonjwa huo haupakwi rangi ukapona. Kwa anayejenga: mchanga wa mtoni, zege la kutosha kuzunguka nondo, madirisha ya alumini, na rangi kila baada ya miaka miwili au mitatu.

Watoto wadogo na bahari, hamuogopi?

Tunaogopa, ndiyo maana hawajazama. Fukwe zetu ni tambarare, na hatari yake haionekani: maji yanapoanza kujaa hayaji kutoka mbele, yanapita kwanza kwenye mkondo ulio nyuma ya fungu la mchanga. Mtoto anayechezea fungu anageuka anakuta kati yake na nyumbani pana maji ya kiunoni, yanakwenda kasi. Wangu walifundishwa kuogelea kabla ya kufundishwa baiskeli, na sheria ya nyumbani ni kwamba maji yakianza kurudi, wote mnarudi. Msimu wa konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha, hawaingii kabisa. Wakitembea kwenye maji ya vifundoni waburuze miguu, wasikanyage, maana samaki aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani.

Geti la kwenda ufukweni liwe na kitasa juu, mtoto wa miaka mitano asikifikie.

Vimbunga je, na tsunami?

Vimbunga si vya kila mwaka hapa, lakini havikosekani. Kimoja kiliipiga Lindi mwaka 1952, na Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia na kumwaga mvua pwani nzima. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 iliua watu waliokuwa wakiogelea fukwe za Dar. Mimi naliweka hili nyuma ya mafuriko ya masika, ambayo huja bila kualikwa kila mwaka.

Zanzibar au Mwanza si bora?

Zanzibar ina sheria zake za ardhi, tafuta wakili wa Zanzibar. Uzoefu wa bara hauhamishiki.

Mwanza napapenda. Hakuna chumvi, hakuna kupwa wala kujaa, mawe yale makubwa yanapendeza machweo. Lakini ziwa nalo hupanda, taratibu kiasi kwamba mtu hujisahau. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifika juu kuliko ilivyowahi kupimwa, na 2024 likapanda tena. Nyumba, mialo ya wavuvi na bustani zikaingia majini kwa miezi. Mita 60 zinahesabika huko pia. Na kuna kichocho: konokono wake hukaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, pale pale watoto wanapopenda kuchezea. Ukinunua, nunua penye mwamba na mawimbi, na familia ipimwe kila mwaka.

Na wewe, ukipewa bei nzuri utauza?

Nimeshapigiwa. Nyumba yangu iko mstari wa tatu, si hata wa pili. Kutoka jikoni bahari siioni, naisikia tu saa 10 alfajiri siku za bamvua, na watoto wanafika majini kwa dakika nne kupitia kile kichochoro, ndala wanaziacha kwa mama muuza vitumbua pale mwanzo wake. Nilimjibu dalali kwamba sikuwa na haraka. Amesema atarudi Desemba.